Mwanga Ndani ya Nyumba

2 Machi

Fundi rangi amekunja ngazi yake na kuondoka, na sebule yangu sasa ni nyeupe pe. Ninaandika nikiwa nimekaa sakafuni kwa sababu viti havipo. Kochi la kahawia limekwenda kwa jirani, kabati la vyombo limekwenda kwa dada yangu, na maua ya plastiki nimeyaficha mahali ambapo hata mimi nitapasahau. Nje mvua ya kwanza ya msimu inapiga bati. Ilitakiwa nitulie nifurahi, lakini nimeshatoka na kuingia tena mara kadhaa ili nipaone kama mgeni atakavyopaona.

Lazima niseme kwa nini, maana mume wangu ameniuliza na sikumjibu vizuri. Mimi ni mpima macho. Mchana kutwa niko gizani: chumba kidogo, pazia zito, taa imezimwa, mtu kwenye kiti na herufi zinawaka ukutani. "Hii bora, au hii?" Ndiyo maisha yangu. Na kabla ya hapo nilikulia kwenye vyumba vya kupanga, ambako kila kitu kilikaa juu ya kitu kingine: godoro juu ya masanduku, masufuria juu ya kabati, mimi juu ya wadogo zangu. Halafu siku moja, pale wanaposubiri wagonjwa wetu, nikaokota jarida lenye picha za nyumba za Skandinavia, kule juu kaskazini ambako wakati wa baridi jua linachungulia tu na kurudi kulala. Kuta nyeupe. Mbao za rangi ya maziwa. Kiti kimoja, taa moja, kikombe kimoja, na nafasi ya kupumua katikati. Nikasema, hii ndiyo. Nyumba ambayo ukitupa jicho linafika ukutani bila kujikwaa.

Mume wangu, ambaye ni fundi wa lifti na si mtu wa maneno mengi, alirudi jioni akasimama mlangoni na viatu mkononi.

"Tumehama?" akauliza.

5 Machi

Seremala hakuja. Amesema kesho.

6 Machi

Kesho imefika, seremala hajafika. Nimempa jina: Fundi Kesho.

10 Machi

Ametokea, na kazi yake inamtetea. Sakafu ya zamani ya saruji nyekundu imefunikwa yote kwa mbao nyeupe, sebule na ukumbi wa vyumbani. Kati ya sebule na ukumbi kuna ngazi moja ya kushuka. Nilimwambia aifunike nayo, mbao zile zile, ili sakafu isikatike. Sasa ukisimama sebuleni huioni kabisa.

"Na vitambaa vya Mama viko wapi?" mume wangu akauliza.

Mama ni mama yake. Tulipooana alitufumia vitambaa vya viti na meza, seti nzima, rangi ya chungwa na kijani na zambarau, vyenye maua mgongoni na vishada pembeni. Nimeviweka kwenye boksi chini ya kitanda. Nimemwambia viko salama.

13 Machi

Wifi amepiga simu. Kwake ni bondeni na maji yameanza kuingia ndani, kama kila msimu wa mvua. Watoto amewapandisha vitandani, lakini Mama hawezi kukaa siku nzima kitandani kama kuku anayeatamia. Anakuja kwetu mpaka mvua iishe.

Mume wangu amefurahi mpaka amepiga mluzi. Mimi nimesema karibu sana, na nilimaanisha. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Halafu nikaanza kusogeza viti ambavyo havikuwa na haja ya kusogezwa.

15 Machi

Leo nimeharibu. Niandike kwa utaratibu.

Mama alifika mchana, mvua ikiwa imepumzika kidogo na jua limetoka. Aliingia taratibu, mkono mmoja ukutani, akasimama katikati ya sebule. Nilisubiri aseme neno.

"Vitu viko wapi?"

"Ndivyo hivi, Mama. Ni mtindo mpya."

"Mtindo wa kuibiwa?"

Nikacheka. Nikamkalisha kwenye kiti kipya karibu na dirisha. Mwanga wa jua ulimwagika juu ya sakafu, kuta zikawaka, na yeye katikati na gauni lake la bluu. Palikuwa pazuri mno. Nikampiga picha. Hakuangalia simu, aliangalia pembeni kidogo na kukunja uso, lakini sikujali. Nikaituma kwenye kundi la simu la ukoo wa mume wangu, na chini yake nikaandika: *Hatimaye tumepata mwanga ndani ya nyumba!*

Nikaenda jikoni kukaanga mayai.

Wa kwanza kujibu alikuwa baba mdogo wa mume wangu: *Poleni sana. Mmeshamwita mtaalamu?*

Sikuelewa. Nikadhani anazungumzia umeme. Halafu wifi: *Wifi yangu. Mama yangu hajamaliza hata saa kwako umeshamwona mwanga?*

Jamani. Nikasoma upya nilichoandika. Picha ya mama mkwe wangu, peke yake kwenye kiti, na maneno: tumepata mwanga. Ningeandika hata "umeingia" tu, ile *u* ingeniokoa, kila mtu angejua ni mwanga wa jua. Lakini "tumepata mwanga" inabeba yote mawili, mwanga wa dirishani na mwanga wa kuroga watu. Nikafuta. Nikaeleza. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozama. Mama mkubwa mmoja akatuma sala.

Jioni Mama alimpa mwanawe simu yake. "Nisomee wanasema nini, hiyo simu inalia kama kifaranga." Mume wangu akajaribu kuruka baadhi. "Zote," akasema Mama. Akasomewa zote. Mimi nilikuwa nimesimama na sahani, natamani sakafu ile nyeupe ipasuke.

Mama alichukua simu yake. Kisha akainuka, akapapasa kiti.

"Haya," akasema. "Mwanga anakwenda kuoga."

*Anakwenda.* Si *unakwenda*. Na akaenda zake.

16 Machi

Nimemwomba radhi asubuhi. Amesema yamekwisha. Saa moja baadaye amesema mwanga ameshiba, asante.

19 Machi

Mvua usiku na mchana. Kwenye kona ya sebule, juu, limetokea doa la unyevu. Nimelipaka rangi.

21 Machi

Nimerudi kazini nimekuta kitambaa cha rangi ya chungwa kimefungwa kwenye mgongo wa kiti cheupe. Kile kile cha harusi yetu. Ina maana Mama amepiga magoti, amelivuta boksi chini ya kitanda chetu, amelifungua.

"Mama, hiki kimefikaje hapa?"

"Nyumba yako iko uchi, mwanangu. Naivisha."

Nimekitoa alipokwenda kulala, nikakikunja vizuri, nikakirudisha.

22 Machi

Kimerudi. Na kingine cha kijani kwenye kitasa cha mlango wa choo.

24 Machi

Cha zambarau kwenye kona ya meza. Nimetoa.

25 Machi

Kimerudi. Doa nalo limerudi. Nimepaka.

29 Machi

Mama amemwaga maziwa. Tulikuwa wote mezani, akajimiminia mwenyewe kwenye kikombe kipya cheupe, akamimina, akamimina, kikafurika, maziwa yakatiririka mezani yakaingia kwenye zulia jeupe ambalo nililisubiri mwezi mzima. Hakuacha mpaka yalipomfikia mapajani.

Hakuomba radhi. Alisema tu, "Vikombe vyenu havina midomo."

Nimesugua zulia mpaka vidole vimeuma. Nilikuwa nalia kwa hasira na sikutaka anione. Nilijua kabisa amefanya kusudi. Mtu mwenye macho mazima kama yale, ambaye anakaa na sindano yake ya kufumia akifuma saa nzima huku anaongea na hakosi tundu hata moja, anashindwaje kuona kikombe?

3 Aprili

Wenzangu kazini wameomba kuja kupaona kwangu. Nimesema nitawaambia lini. Siwezi kuwaleta sasa, nyumba ina vishada kila kona kama farasi wa maonyesho.

6 Aprili

Nahesabiwa kuwa mtu mpole kazini. Wagonjwa wananiita "dada taratibu." Wangeniona leo nikivua nyumba nguo saa kumi na mbili asubuhi, kabla Mama hajaamka, wasingenijua.

11 Aprili

Leo hapakunyesha, jua limewaka kutwa, nami nikafungua mapazia yote. Mama akageuza kiti chake akaupa dirisha mgongo, akafunika macho kwa kiganja.

"Weupe huu unaniuma macho."

"Utauzoea, Mama."

"Hao wenzako wa kaskazini wanapaka nyeupe kwa sababu jua linawapita mbali. Wewe jua limekukosea nini mpaka unalizidishia?"

Mume wangu akacheka. Nikamkata jicho. Akaacha kucheka, akakumbuka kwamba ana lifti inayomsubiri mahali.

14 Aprili

Ameanza kufuma vipya. Uzi wa chungwa, mkali, unaouona hata ukifumba macho. Vitambaa vyembamba virefu kama mikanda.

15 Aprili

Mkanda wa kwanza umewekwa sakafuni, ukingoni mwa ile ngazi ya kushuka ukumbini, umebanwa kwa misumari midogo. Misumari! Kwenye mbao zangu!

Nimeing'oa mbele yake. Sikusubiri alale. Yeye alisimama ukutani, akisikiliza ile sauti ya misumari ikitoka, na nilipomaliza akasema kwa sauti ya chini ambayo sikuizoea, "Huo mmoja uuache, mwanangu."

"Mama, nitajikwaa juu yake."

"Basi," akasema. Akageuka. Alipita ukumbini akitembea upande upande, mabega yote mawili yakigusa ukuta kwa zamu. Nikasema moyoni: maigizo.

17 Aprili

Tumegombana, mimi na mume wangu, kwa sauti za chini kama wezi.

"Kwani kitambaa kinakula chakula?" akasema.

"Si kitambaa. Ni kwamba hapa si kwangu tena. Nikitoka asubuhi najua nitakuta pamevamiwa."

"Ni mama yangu."

"Najua ni mama yako. Mimi ndiye nimemwita mwanga mbele ya ukoo, unafikiri nimesahau? Ananilipa kidogo kidogo."

Alikaa kitandani. Kisha akasema neno ambalo limenikaa kifuani mpaka sasa. "Wifi yako anataka kumchukua mvua ikiisha, na anasema Mama hatakanyaga tena hapa. Mama akiondoka kwangu kwa hasira, harudi. Namjua. Na mimi sijui nitakutazamaje."

Sijawahi kumsikia akisema sentensi nne mfululizo. Niliogopa. Na bado asubuhi nikatoa kile cha kijani mlangoni, mkono wenyewe ulikwenda.

20 Aprili

Mvua. Doa. Rangi.

23 Aprili

Nimegundua kwamba sikai kwenye viti vyangu. Nimenunua kiti cha kupumzikia, kizuri, kinakumbatia mgongo, na tangu kifike sijakikalia zaidi ya muda wa kunywa chai. Nikikaa naona kitu kimepinda. Nikinyoosha hicho, naona kingine. Mama anasema mimi ni kama nzi ndani ya chupa safi. Nilikasirika, halafu nikaenda kunyoosha taa.

27 Aprili

Wenzangu watakuja Jumamosi, tarehe 2. Nimeshasema, haiondoki tena.

30 Aprili

Nimenunua mshumaa mweupe na kibakuli cheupe cha kuuwekea. Mama amekigonga na kiwiko. Kibakuli kimekufa.

2 Mei

Lazima niandike leo leo.

Asubuhi na mapema nilizunguka nyumba na mfuko. Nikakusanya vyote: cha kitini, cha mlango wa choo, cha kona ya meza, cha mpini wa birika, na mkanda wa chungwa wa kwenye ngazi, maana aliurudisha siku chache zilizopita nami nikajifanya sikuuona. Sikuvikunja safari hii. Nilivisokomeza kwenye mfuko, nikautupa kwenye pipa la taka nje, mvua ikinyesha ndani ya pipa. Nikajisikia mwepesi. Niseme ukweli, nilijisikia mwepesi sana. Mume wangu alikuwa ameitwa tangu alfajiri, umeme ulikatika na watu wamekwama kwenye lifti. Mama alikuwa bado amelala. Kliniki hufanya kazi nusu siku Jumamosi. Nilipanga nirudi mchana pamoja na wenzangu.

Mgonjwa wa tatu alikuwa mzee mmoja mstaafu wa posta, mcheshi, anayesema macho yake hayana neno ila ulimwengu ndio umechakaa. Nilimkalisha, nikazima taa, nikaanza maswali ninayouliza kila siku ya kazi, yale ninayoyajua kama jina langu.

"Mwanga mkali unakuchoma macho?"

"Unanichoma."

"Ukishuka ngazi, ile ya mwisho huwa inakupotea?"

"Huwa inanitoroka."

"Na ukimimina maziwa kwenye kikombe cheupe, unaona pa..."

Sikumaliza. Nilikaa na lenzi mkononi. Mzee akasema, "Binti, umelala?"

Kiti cheupe. Mlango mweupe wa choo kwenye ukuta mweupe. Kona nyeupe ya meza. Ngazi. Vile vitambaa havikuwa vimetapakaa ovyo kama nilivyodhani. Kila kimoja kilikaa mahali ambapo mtu mwenye mtoto wa jicho angejigonga, angepotea, au angeanguka. Na kufuma kwake? Vidole vya miaka hamsini vinahitaji macho ya nini? Mimi, ambaye kazi yangu ni kuuliza watu wanaona nini, nimeishi na mtu mwezi mmoja na nusu sikumuuliza. Na asubuhi hii nimemzimia taa zake zote nikazitupa jalalani.

Nilimwambia mzee wa watu anisamehe, nikatoka hivi hivi na koti jeupe, bila mwavuli.

Nilimkuta kwenye ukumbi, sakafuni, chini ya ile ngazi. Amekaa, mgongo ukutani, mkono wa kushoto ameupakata kama mtoto. Kifundo kilikuwa kimevimba na kukaa vibaya. Alisikia viatu vyangu vikichuruzika maji.

"Nani?"

"Ni mimi, Mama."

"Eeh. Mwanga ameanguka," akasema. "Waite majirani waje kutazama, huwa wanapenda."

Nilipiga magoti pale nikalia kwa sauti. Nikamwambia nimevitupa mimi. Nikamwambia vyote, mpaka pipa.

"Najua," akasema. "Nimepapasa nikavikosa. Nikasema labda leo nimeamka nyumba ya watu wengine."

Wenzangu walifika nikiwa namfunga mkono kwa fremu ya picha na pazia. Hakuna aliyesema neno kuhusu sakafu. Walitubeba wote wawili hospitali.

4 Mei

Mfupa umevunjika, umefungwa plasta. Mume wangu hakunigombeza. Amekaa anamwosha mama yake miguu na hanitazami, na ningependa anigombeze.

5 Mei

Nimekwenda kwenye pipa. Taka zilishachukuliwa.

7 Mei

Nimempeleka Mama chumbani kwangu kule kazini. Nimezima taa. Sijawahi kuogopa matokeo ya mtu kama leo.

"Hii bora, au hii?"

"Zote sawa."

"Na sasa? Hii, au hii?"

"Nyeupe na nyeupe, mwanangu. Kama kwako."

Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, amekomaa. La kulia anaona mwanga na vivuli tu. Tangu lini? Tangu mvua za mwaka juzi, akasema. Kwa wifi hakuna aliyejua, kwa sababu kule kila kitu kina rangi yake na mahali pake: beseni jekundu, mlango wa bluu, sakafu nyeusi, kiti cha kijani cha marehemu mzee. Alitembea kwa rangi. Kwangu ndiko rangi zilikomuishia.

"Mbona hukuniambia, Mama? Mimi ndiyo kazi yangu."

"Ndiyo sababu sikukwambia." Alikuwa bado na kidevu kwenye mashine, akisema kwa meno. "Ningekwambia ungenipa karatasi, ungenipa tarehe, ungenishika mkono kwenda chooni. Mama asiyeona hupewa kona na redio. Nilikuja kwako kuwa mama mkwe, sikuja kuwa mgonjwa."

Nikamwambia amekuwa mama mkwe vizuri kabisa. Akacheka mpaka paji la uso likagonga mashine.

9 Mei

Wifi amekuja kumchukua. Amekuja na mwavuli, begi tupu na maneno aliyoyapanga njiani, na yote ninastahili. Amesema nimemwita mama yake mwanga, kisha nimemvunja mkono. Mume wangu alisimama kati yetu kama lifti iliyokwama kati ya ghorofa. Sikujitetea. Nilimwambia, "Ni kweli, wifi."

Hilo lilimkata kasi kidogo. Akamgeukia Mama. "Twende, Mama. Maji yamepungua, tumeshakausha."

Mama alikuwa kwenye kiti changu kile cha kupumzikia, plasta mapajani. "Daktari ameniwekea tarehe ya jicho," akasema. "Nitaondoka nikishapaona hapa. Nimegongwa na nyumba hii mwezi na nusu, nataka niione uso."

"Na ukishaiona?"

"Nikishaiona nitajua."

Wifi akarudi na begi tupu. Kwa hiyo tunasubiri.

12 Mei

Fundi Kesho amekuja siku ile ile niliyomwita, nadhani dunia inaisha. Nimempa rangi ya chungwa. Amepaka ukingo wa ngazi mstari mpana, na kitasa cha choo. Meza nimeizungushia utepe. Nimenunua vikombe vyeusi.

Panaonekana pabaya? Sijui. Nimejaribu kupatazama kwa macho ya lile jarida nikashindwa.

13 Mei

Mama amepita kwenye ngazi bila kugusa ukuta. Amepita tena. Amerudi akapita mara ya tatu, akiringa.

17 Mei

Nimenunua uzi. Mama, mkono mmoja ukiwa kwenye plasta, ananifundisha kufuma kwa mdomo. "Pitisha. Vuta. Si hivyo, unanyonga." Kitambaa changu cha kwanza kinafanana na kitu kilichotafunwa na mbuzi. Nilikaa kwenye kiti tangu chai ya jioni mpaka wakati wa kulala, na nilipoinuka ndipo nikagundua kwamba nilikuwa nimekaa.

20 Mei

Doa. Sijalipaka.

22 Mei

Jicho la kulia limefanyiwa upasuaji. Limefungwa. Siruhusiwi kuingia chumba cha upasuaji, kwa hiyo nimetembea ukumbi wa hospitali kutoka mlango mpaka mlango, na mume wangu akanifuata akitembea nyuma yangu. Baada ya muda akanishika mkono.

Nyumbani naogopa. Nimegundua naogopa asubuhi ya kesho kuliko nilivyowahi kutamani kitu. Si kwa sababu ya upasuaji, daktari amesema umekwenda vizuri. Naogopa atakachokiona. Ataona nyumba aliyoisumbukia, na mtu aliyemsumbua. Akiondoka sasa, ataondoka akiwa anaona.

23 Mei

Bandeji imetolewa asubuhi. Amevaa miwani ya giza mpaka nyumbani. Nje palikuwa pakavu. Mvua imekatika, nadhani imeisha.

Aliingia. Safari hii mkono haukuwa ukutani. Akavua miwani, akapepesa, akapatazama: kuta, kiti, taa ya kuning'inia, utepe wa mezani, ngazi yenye mstari wa chungwa, kile kitambaa changu kilichotafunwa na mbuzi kikiwa kwenye mgongo wa kiti. Alitazama polepole kama anayesoma. Mume wangu alikuwa amesimama na funguo mkononi, hajui aziweke wapi.

"Kona ile ina doa," akasema Mama.

"Najua, Mama."

"Ni pazuri," akasema. Kisha, "Nilidhani ni pabaya. Ni pazuri, ila hapana mahali pa kuficha uchovu."

Akanigeukia. Nilikumbuka kwamba tangu aje kwangu hajawahi kuniona uso. Amenijua kwa sauti, kwa hatua, na kwa misumari ikitoka kwenye mbao. Alinishika kidevu kwa mkono wake mzima, akaniinua uso kuelekea dirishani, kama ninavyofanya mimi kwa wagonjwa wangu.

"Umekonda," akasema. "Wewe mtoto hulali. Nani anakuangalia hapa?"

Nililia tu, uso ukiwa bado mkononi mwake, na yeye akanitazama nikilia, hakugeuka pembeni.

Baadaye alikaa kwenye kiti cha dirishani, kile cha siku ya kwanza, na gauni lile lile la bluu. Safari hii aliitazama simu moja kwa moja. Nikampiga picha. Kundi zima lilikuwa linasubiri habari, wifi ameshauliza mara tatu kama aje na begi. Nikaandika kwa uangalifu, herufi kwa herufi, nisirudie kosa: *Mwanga umerudi ndani ya nyumba.*

"Lete nione," akasema Mama.

Nikampa. Akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, akafumba jicho ambalo bado halijatibiwa. Akasoma mwenyewe, kwa sauti, neno baada ya neno.

"Hiyo *u* ifute," akasema. "Weka *a*."

"Mama, watanila nyama."

"Weka *a*. Wajue siondoki."

Nikaweka *a*.